Ini Lililodhurika kwa Dawa, na Suala la Steroidi



Swali tunalolijibu leo lilitufikia mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu, na jibu lake fupi tulilitoa siku ile ile kwa simu, kwa kuwa halikuwa la kungojea gazeti. Jibu refu tumeliweka hadi sasa, kwanza ili mambo yatulie katika nyumba ya aliyeuliza, na pili kwa sababu tangu hapo swali hilo hilo limetujia mara mbili nyingine, moja kutoka Kangemi na moja kutoka Mombasa. Twaona basi lina haki ya kuandikwa.

Mama mmoja mkaazi wa Kawangware, asili yake Lamu, alitueleza kuwa binti yake, mzazi wa watoto wawili, alikuwa katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Dawa alizimeza bila kukosa hata siku moja. Kisha akaanza kuchukia chakula, hasa cha mafuta, akawa anatapika kila asubuhi, na siku ya tano weupe wa macho ukageuka manjano. Wifi yake akaaye Parklands alipokuja kumjulia hali alisema: haya mimi nayajua, yalinipata mwaka juzi, nikapewa prednisoloni nikapona. Akatoa mkobani pakiti ya vidonge vilivyombakia. Alifanya hayo kwa mapenzi, na hatuna la kumlaumu. Mama akatuuliza mambo mawili. Je, steroidi ni halali, maana mwanawe wa kiume alisema hizo ndizo wanazomeza vijana wa kutunisha misuli? Na je, ampe binti vidonge vile usiku ule ule?

La kwanza halitatuchelewesha. Neno steroidi ni jina la ukoo mkubwa wenye matawi. Tawi moja lafanana na homoni ya kiume, nalo ndilo linalotumiwa vibaya katika kumbi za mazoezi; hilo lenyewe hulidhuru ini, na kijana wa nyumba yoyote anayelitumia aulizwe mapema. Tawi jingine lafanana na homoni iitwayo kotisoli, ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Prednisoloni, haidrokotisoni na deksamethasoni ni za tawi hili la pili. Mwaka 1948 Daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi dawa ya kotisoni, na baada ya siku chache mgonjwa yule akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Hii ni dawa, na hukumu yake ni hukumu ya dawa: yajuzu kwa anayeihitaji, kwa kadiri anayoihitaji.

La pili tulimjibu hivi: hapana, mama, usimpe. Mpeleke kesho asubuhi na mapema katika kliniki anakochukulia dawa zake, kabla hajameza dozi ya siku hiyo, na umwambie muuguzi neno moja tu kabla ya mengine yote, kwamba macho yamekuwa manjano. Akizidi usiku, akawa anachanganyikiwa au asinziaye bila kuamka vizuri, usingoje asubuhi. Mkimbize hospitali kubwa.

Sisi si matabibu. Tumesomea madrasa, na tuyaandikayo hapa tumeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye elimu yao. Lakini jambo lenyewe likishaelezwa halina ugumu wa kumshinda mama wa nyumbani kulifahamu, na akilifahamu ataokoa mtu.

Watu wengi huhesabu umanjano kuwa ni ugonjwa, kwa hiyo huona kilichouondoa kwa huyu kitauondoa kwa yule. Umanjano ni alama. Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjwa, na katika kuvunjwa kwake hutoka rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huichukua rangi hiyo, likaisafisha na kuipeleka katika nyongo, nayo ikatoka na haja kubwa. Ini likiumwa, au njia ya nyongo ikizibwa, rangi hurudi damuni. Macho hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na aghalabu ngozi huwasha. Yapo mengi yafanyayo hivyo: virusi vya homa ya ini, vijiwe vya nyongo, malaria kali, ulevi, na dawa. Kuona macho ya manjano na kukimbilia kidonge ni sawa na kuusikia mtoto akilia na kumpa uji kabla ya kujua kama ana njaa au ameumwa na siafu.

Tuje kwenye dawa. Kila tunachokimeza, kikishapenya utumboni, hupitia kwanza katika ini kabla ya kuenea mwilini. Ini hukigeuza ili kiweze kutumika na kutoka. Katika kugeuza huko, baadhi ya dawa huzaa kitu kikali kuliko dawa yenyewe. Kuna madhara yanayokwenda kwa kipimo, nayo hayamchagui mtu. Mfano wake ni parasitamoli, ambayo nyumbani twaiita Panadol. Mtu mzima mwenye afya asivuke gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wapo wasiotakiwa hata kuufikia mpaka huo. Wengi huuvuka bila kujua, kwa kuwa amemeza Panadol ya kichwa, kisha dawa ya mafua yenye parasitamoli ndani yake, kisha nyingine ya maumivu ya hedhi.

Kisha kuna madhara yanayokwenda na maumbile ya mtu. Watu elfu watameza dawa ile ile kwa kipimo kile kile wasidhurike, na mmoja atadhurika. Hakukosea, wala aliyempa hakukosea. Mwili wake una kitu alichokirithi, au kinga yake imeitazama dawa ile ikadhani ni adui, ikalishambulia ini lililoibeba. Hapa, kwa huyu mmoja ambaye kinga yake ndiyo inayompiga, ndipo steroidi hupata kazi. Na hapa ndipo binti wa Kawangware na wifi yake wa Parklands walipoachana njia, ingawa macho yao yalikuwa na rangi moja.

Binti, kama wagonjwa wengi wa kifua kikuu katika Kenya, alianza na dawa nne zilizotiwa katika kidonge kimoja: isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Hutumiwa zote nne kwa miezi miwili, kisha mbili kati yake kwa miezi minne. Tatu za kwanza zote zinaweza kuliumiza ini. Ya nne ni nadra. Hapa lazima tuseme jambo dogo linalowatisha wengi bure. Rifampisini huugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa rangi ya chungwa tangu siku za mwanzo, na hilo si dhara. Tofauti ni kuwa mkojo wa rifampisini huwa wa chungwa ilhali macho ni meupe na mtu anakula. Mkojo wa ini linaloumwa huwa wa rangi ya chai, na mtu hali, anatapika, na amechoka kama aliyebeba gunia.

Alipofika kliniki walimpima damu. Katika karatasi ya maabara kuna vimeng'enya viwili vya ini ambavyo herufi zake ni ALT na AST. Seli za ini zikivunjika, hivyo humwagika damuni. Desturi ya madaktari ni kuzisimamisha dawa za kifua kikuu pale ALT inapopita mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida na mgonjwa ana dalili, au mara tano hata kama hana dalili. Yeye alikuwa amepita huko mbali. Wakasimamisha zote, wakampima pia homa ya ini ya aina ya A, B na C, wakamuuliza kama ametumia mitishamba, wakamlaza siku chache. Prednisoloni hawakumpa. Mama alishangaa, akaona binti yake amelala kitandani bila dawa, kana kwamba ametupwa. Lakini kusimamisha ndiko kulikuwa tiba yenyewe. Ini ni kiungo kilichojaaliwa kujijenga upya. Likiondolewa kinacholiumiza, mara nyingi hupona lenyewe kwa wiki kadhaa. Vimeng'enya viliposhuka, wakamrudishia dawa moja moja, wakimpima damu kila baada ya siku chache, hadi wakaijua iliyomdhuru na kuiacha. Twaandika haya akiwa anaendelea na matibabu, na kifua kikuu hakikuachwa bila dawa. Hilo tulisisitize: kusimamisha ni kwa muda na kwa mkono wa kliniki. Anayeacha mwenyewe na kukaa nyumbani atapona ini na kufa kwa kifua, na kabla ya hapo atawaambukiza watoto.

Wifi yake alikuwa na kisa kingine kabisa. Yeye alisumbuliwa na maambukizi ya njia ya mkojo yaliyokuwa yakirudi rudi, jambo ambalo dada zetu wengi walijua na hawapendi kulisema. Akapewa nitrofurantoini kidogo kidogo kila usiku kwa miezi mingi ili yasirudi. Dawa hiyo ni nzuri, na kwa siku chache haina tatizo kubwa. Lakini ikitumiwa muda mrefu, kwa wachache huiamsha kinga ya mwili ikalishambulia ini. Hospitali ilimwachisha dawa, wakangoja, na vimeng'enya havikushuka. Vipimo vya damu vikaonyesha askari wa kinga waliojielekeza kwa mwili wake mwenyewe. Wakachukua kipande kidogo cha ini kwa sindano na kukitazama kwa darubini. Baada ya hayo yote, na baada ya kuhakikisha hana homa ya ini ya aina ya B, ndipo akapewa prednisoloni, ikapunguzwa hatua kwa hatua kwa miezi. Ilipokwisha, ugonjwa haukurudi. Madaktari huitegemea alama hiyo: pale ambapo kinga imeasi yenyewe bila dawa kuwa sababu, ukiondoa steroidi ugonjwa hurudi mara nyingi, pale ambapo dawa ndiyo iliyoiamsha, na dawa imeachwa, aghalabu haurudi.

Dawa nyingine zenye tabia hii ya kuiamsha kinga ni minosaiklini, ambayo vijana hupewa kwa chunusi, na methildopa, ambayo mama wajawazito wenye shinikizo la damu hupewa sana katika hospitali zetu. Tafadhali, mama mjamzito asije akasoma hapa akaitupa methildopa yake. Madhara haya ni nadra, na shinikizo la damu lisilotibiwa katika mimba huua mama na mtoto. Tunachotaka ni ajue kuwa kichefuchefu kipya, uchovu usio wa kawaida na macho ya manjano si mambo ya kusema "ni mimba tu".

Yapo pia mahali pengine steroidi ina nafasi. Kuna mgonjwa anayepatwa na upele wa mwili mzima, homa, uso na tezi kuvimba, pamoja na ini kuumia, wiki kadhaa baada ya kuanza dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, au alopurinoli ya jongo, au dawa za salfa kama Septrin. Huyu ni mgonjwa wa hospitali tangu saa ya kwanza, na madaktari wengi humpa steroidi. Na kuna dawa mpya za saratani ambazo kazi yake ni kuifungulia kinga hatamu ili ipigane na uvimbe. Nyakati nyingine kinga hupitiliza na kulipiga ini, na hapo steroidi ndiyo tegemeo la kwanza ikiwa madhara ni makubwa.

Tuongeze jambo la miraa, maana nyumba zetu zalijua. Mwaka 2010 madaktari wa London walieleza katika jarida la kitabibu habari za wanaume wenye asili ya Afrika Mashariki, watafunaji wa miraa, ambao maini yao yalikuwa yamedhurika vibaya. Baadhi ya wagonjwa wa namna hii katika nchi mbalimbali wameonekana na dalili za kinga iliyoasi, wakapewa steroidi, wakapata nafuu, kisha wakarudi kutafuna na ugonjwa ukarudi. Mwanamke atakayemwona mumewe ametoka hospitali na prednisoloni mfukoni na kifurushi cha miraa mkononi ana haki ya kusema, kwa adabu na bila kunyamaza.

Sasa upande wa pili, ambao watu hawausikii. Mtu aweza kusema: ikiwa steroidi hutuliza, na mgonjwa yuko katika hali mbaya sana, si afadhali apewe tu, huenda ikasaidia? Hoja hii ina mvuto, na madaktari wenyewe walikuwa nayo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 361 ambao maini yao yalifeli ghafla, 131 kati yao kwa sababu ya dawa. Waliopewa steroidi walinusurika 61 katika kila 100. Wasiopewa, 66 katika kila 100. Yaani hapakuonekana faida, na kwa wale waliokuwa mahututi zaidi waliopewa walifariki kwa wingi kuliko wasiopewa. Ini likishafeli, maambukizi huwa yamejificha mlangoni, nayo steroidi huwafungulia.

Kuna dawa nyingine iitwayo asetilisisteini. Kwa aliyezidisha parasitamoli, akiipata ndani ya saa 8 tangu kumeza, karibu kila mara ini lake husalimika. Basi mtu asingoje kuumwa wala kuona manjano. Parasitamoli haionyeshi makali yake siku ya kwanza. Na kwa mtu mzima ambaye ini limefeli kwa dawa nyingine, uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa asetilisisteini iliwasaidia wale waliofikishwa mapema, kabla akili haijapotea sana. Zaidi ya hapo hubaki kupandikizwa ini, na hapa kwetu wengi wanaolihitaji hulazimika kusafiri hadi India, kwa gharama ambayo tumeona familia ikiuza shamba na bado haijatosha.

Prednisoloni ni kidonge kidogo, cha bei nafuu, na huleta raha ya haraka: hamu ya chakula hurudi, homa hushuka, mtu huamka. Raha hiyo ndiyo inayoficha. Mwenye virusi vya homa ya ini ya aina ya B vilivyolala, naye wala hajui, akitumia miligramu 20 au zaidi kila siku kwa wiki nne au zaidi, yuko katika hatari kubwa ya virusi hivyo kuamka na kulichoma ini upya. Mwenye kifua kikuu kisichotibiwa vizuri humpanda. Mwenye kisukari hupanda sukari, na asiyekuwa nacho huweza kukipata. Mifupa hudhoofika, macho hupata mtoto wa jicho, uso huvimba. Na kwa mgonjwa anayetumia rifampisini kuna tatizo jingine, kwamba rifampisini hulifanya ini liivunje prednisoloni upesi, hata kipimo alichopewa mwenzake kisimfae. Ni kweli kuwa ipo aina ya kifua kikuu, ile ya utando wa ubongo, ambayo steroidi hutiwa makusudi pamoja na dawa zake. Hiyo nayo huamuliwa wodini na daktari.

Aliyetumia zaidi ya wiki tatu asiache ghafla. Zile tezi juu ya figo, zikiona mwili unaletewa kotisoli kutoka nje, huacha kuitengeneza. Dawa ikikatwa siku moja, mtu hubaki hana kitu. Presha hushuka, hutapika, huzimia, na huweza kufa kabla watu hawajajua ni nini.

Kwa nini basi twayaandika haya katika gazeti la familia? Kwa sababu katika kati ya jiji la Nairobi, baina ya River Road na Tom Mboya, mwendo wa dakika chache kutoka Msikiti wa Jamia, vidonge hivi hununuliwa bila cheti cha daktari. Sheria yataka cheti. Tumeshuhudia mnunuzi akisema "nipe za kunenepa" akapewa deksamethasoni ndani ya karatasi ya gazeti, bila jina wala maelezo. Duka hatulitaji, na wala si moja. Dada zetu wanaotafuta mwili wa arusi kwa njia hii, na wanaojipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi kali, wanapougua hawasemi kuwa walitumia, kwa kuwa hawahesabu kuwa ni dawa. Na zipo unga na vidonge vinavyoitwa vya asili, vya maumivu ya viungo au pumu, ambavyo vinapopimwa katika nchi nyingi huonekana vimechanganywa deksamethasoni au prednisoloni kwa siri. Dawa ya miti inayotuliza magoti ya bibi kwa usiku mmoja yafaa ishukiwe kwa kasi yake hiyo.

Na kwa kuwa tumetaja vya asili, tuseme juu ya manjano ya jikoni. Wako wanaotibu macho ya manjano kwa manjano, wakifuata rangi. Manjano katika mchuzi na pilau haina neno. Lakini siku hizi huuzwa vidonge vya manjano iliyokamuliwa nguvu yake, vingine vikitiwa pilipili manga ili ipenye zaidi mwilini, na hivyo vimedhuru. Watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa 10 ambao maini yao yalidhuriwa na vidonge vya manjano; mmoja akafariki, na 7 kati yao walikuwa na alama moja ya kurithi katika kinga yao. Shubiri nayo imeandikwa kuwa imewadhuru baadhi ya watu walioimeza kwa muda. Hatusemi mitishamba yote ni sumu, na babu zetu hawakuwa wajinga. Twasema mgonjwa wa ini asiongezewe kitu cha pili cha kuchujwa na kiungo kisichoweza kuchuja cha kwanza.

Mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani afanye kama alivyofanya yule mama alipokwenda kliniki. Alitia katika mfuko mmoja kila kilichomezwa au kupakwa katika miezi sita iliyopita: dawa za hospitali, za dukani, chupa ya mafuta, unga wa mwarobaini, hata zile Panadol. Daktari alivimwaga mezani akavitazama kimoja kimoja na tarehe yake. Hakuna kipimo cha damu kinachotaja jina la dawa iliyomdhuru mtu. Daktari hujua kwa tarehe, yaani lini ilianza, lini dalili zilianza, na lini zilipungua ilipoachwa. Katika karatasi ya maabara, ALT ikiwa imepita mara tatu na bilirubini imepita mara mbili ya kawaida, huku njia ya nyongo haijaziba, ulizeni maswali bila kuona haya. Mtaalamu wa Kimarekani Hyman Zimmerman alikwisha onya kuwa kati ya wagonjwa kumi wa hali hiyo, kwa kukadiria, mmoja hufariki asipopandikizwa ini jingine.

Kisha madhara hayo yaandikwe. Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ofisi zake ziko Barabara ya Lenana, ilianzisha mwaka 2009 utaratibu wa taifa wa kukusanya habari za madhara ya dawa. Kuna fomu ya manjano kwa dawa iliyomdhuru mtu, na ya waridi kwa dawa inayoshukiwa ubovu wake. Mhudumu wa afya ndiye huijaza mara nyingi, na mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuomba ijazwe. Haimrudishii aliyeumia afya yake, lakini dawa ikitajwa mara kumi na watu kumi wasiojuana, mtu wa Lenana huinuka kitini.

Limebaki la Ramadhani, kwa kuwa tumo katika Shaaban na simu zimeanza. Aliye na ini linaloumwa, macho manjano, anatapika, huyu ni mgonjwa waziwazi. Ana ruhusa ya kula, na akipona atalipa siku zake. Asijilazimishe kwa kuogopa maneno ya majirani. Anayetumia prednisoloni na hali yake imetulia ni suala la daktari wake. Dawa hii hunywewa na chakula, na kipimo cha mara moja kwa siku mara nyingi kinaweza kuwekwa wakati wa daku. Tunachokikataza kwa nguvu zetu zote ni yule anayeiacha yote usiku wa kuandama kwa mwezi ili afunge akiwa "msafi wa dawa". Tumekwisha eleza kinachompata. Na aliyeandikiwa mara mbili au tatu kwa siku aende kuuliza wiki hii au ijayo, maana kliniki za Riruta na Kangemi hujaa mno siku mbili za mwisho za Shaaban, na daktari mwenye foleni mlangoni hujibu kwa mkato.

Wabillahi tawfiq.